Kipimo cha Mapokezi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua likiwa bado halijachungulia juu ya vilima vya Dodoma, kilezi cha Shule ya Msingi Mawio kilikuwa kinafanya kazi ya watu arobaini. Mkono mmoja ulikoroga uji wa ulezi, wa pili ulifunga kamba za viatu, wa tatu ulimshika kidevu mtoto wa darasa la kwanza ili wa nne umsuke nywele zilizofumuka usingizini. Papo hapo kilikuwa kinamsikiliza mtoto mwingine akisoma, kinaamua ugomvi wa goli la jana, na kuwagawa watoto mia mbili na kumi katika klabu zao: bao, bustani, kwaya, na ile iliyopendwa kuliko zote, klabu ya roketi za maji. Hakikupaza sauti wala hakikuchoka. Waliokiunda walikiita kilezi, maana ni chombo cha kulea. Watoto, ambao hawana muda na majina ya wahandisi, walikiita Shangazi.

Ulikuwa mwaka 2091, na katika mji ule mzazi aliyekuwa bado nyumbani saa kumi na mbili asubuhi alionekana mgonjwa au mvivu. Walimu walifundisha saa zao tano wakaondoka. Saa zote za kabla na za baada yake zilikuwa za Shangazi.

Nyemo Chilongani alimjua Shangazi kuliko mzazi yeyote aliyepanga foleni pale getini, kwa kuwa ndiye aliyeandika sehemu ya akili yake inayoitwa kanuni ya makabidhiano. Kanuni hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe mtoto jioni na nani arudi mikono mitupu. Binti yake mwenyewe, Mboni, alikuwa darasa la pili hapo hapo Mawio.

Kanuni ilitokana na balaa. Miaka sita nyuma, katika mji mwingine, mtu mmoja alikuja shuleni akiwa amevaa sura ya kunakili, sauti ya kunakili na hata alama za vidole za kunakili, akakabidhiwa watoto wawili wa mtu huku kilezi kikimtakia jioni njema. Watoto walipatikana siku ya nne, wazima, lakini nchi nzima ilikuwa imeshakosa usingizi. Wahandisi wakaagizwa watafute kitu ambacho hakinakiliki. Walibishana wiki nzima kuhusu damu na mboni za macho. Nyemo, aliyekulia Mpwapwa, alikumbuka jambo dogo tu: mama yake alipokuwa akitokea njiani na kikapu, yeye na ndugu zake waliacha mchezo wakatoka mbio kumpokea mzigo. Hakuna aliyewatuma.

"Mtoto hampokei mgeni," aliwaambia wenzake. "Miguu yake inajua."

Hapo kikazaliwa kipimo cha mapokezi. Mzazi alisimama nyuma ya ukuta wa kioo mwisho wa ujia, mtoto akaitwa. Sakafu ilisoma miguu yake, hewa ikasoma pumzi, bangili ya shule ikasoma mapigo ya moyo. Akipata hamsini kati ya mia, geti lilifunguka. Chini ya hapo lilibaki limefungwa. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wapole wanaonewa, maana kuna mtoto ambaye hata furaha yake ni ya taratibu. Nyemo akarekebisha: kila mtoto apimwe kwa kipimo chake mwenyewe. Mapokezi yake ya moto kuliko yote katika muhula, kwa yeyote yule, yahesabiwe mia, na wengine wote wafuate hapo. Wenzake walimpigia makofi, na haki walikuwa nayo. Katika chumba kile chenye vichwa vyote vile, hakuna aliyeuliza huyo yeyote anaweza kuwa nani.

Jumatatu jioni Nyemo alisimama nyuma ya kioo kama kawaida, na taa ikawaka njano. Arobaini na tatu. Alicheka, akadhani ni vumbi kwenye sakafu. Wakawekwa katika chumba cha subira, wakacheza bao nusu saa, kipimo kikapanda hadi hamsini na moja, wakaenda zao. Jumanne ilikuwa arobaini na moja, wakakaa saa nzima. Hakucheka tena.

Jumatano asubuhi alifungua kumbukumbu za Mboni kazini. Kila alfajiri ya muhula ule mtoto aliingia getini: wiki za mwanzo akitembea, kisha akitembea haraka, wiki hizi akikimbia. Mia. Mia. Tisini na nane. Mia. Alikuwa anamkimbilia Shangazi, na kilezi, kwa uaminifu wake wote, kilikuwa kimejiandika chenyewe katika safu ya wapokewa. Nyemo alikaa akiitazama safu ile mpaka chai yake ikapoa. Wazazi waliokataliwa walikuwa wakimwandikia barua mwaka wote, naye aliwajibu kwa adabu kwamba mashine haina chuki na mtu, wajitazame wao. Mkuki kwa nguruwe.

Naye alipojitazama, aliiona siku yenyewe. Muhula uliopita Mboni alitoka mbio akaudaka mkoba wa mama yake, ambao ndani ulikuwa na vioo vya kupimia, vyembamba kuliko ganda la yai. "Acha, usiguse," alimwambia, na akaupokonya. Mtoto hakulia. Kesho yake alisimama mbele ya mama yake mikono nyuma, akasema shikamoo vizuri sana. Nyemo alifurahi kwamba binti yake anakua na adabu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mhandisi Kisanga, mwenzake wa tangu mwanzo, akamwonyesha kosa lilipo. Kisanga aliliona kabla hajamaliza kueleza. Alishika kichwa. Kisha akamkumbusha taratibu, bila ubaya, kwamba kanuni ile haigusiki mpaka watu saba watie saini kwa pamoja, nao hukutana mara moja kwa mwezi, na kikao cha mwezi huu kilikuwa cha juzi. Nyemo ndiye aliyedai saini saba. Alisema wakati ule kwamba mwizi wa watoto huja akilia, na anayelia huonewa huruma, kwa hiyo asiwepo mtu mmoja anayeweza kumwonea huruma. Kuhusu sheria ya siku tatu, Kisanga hakuwa na la kumwambia asilolijua: mtoto asiyempokea mtu wake siku tatu mfululizo, hata zile za kuokolewa na chumba cha subira, hulala katika bweni la shule mpaka kikao kikae. Kwa Mboni hizo zilikuwa siku ishirini na nane.

"Leo ufaulu tu, Nyemo," alisema. "Nenda mapema."

Alikwenda mapema. Hakununua visheti. Wazazi wengine walishajaribu kuja na mifuko ya vitu vitamu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Shangazi kutofautisha mtoto anayemkimbilia mama na mtoto anayekimbilia mfuko. Alisimama nyuma ya kioo, mikono wazi, akajaribu kuwa na uso wa mtu wa kukimbiliwa. Hakujua uso huo ukoje.

Mboni alitoka katika klabu ya roketi akiwa na sare iliyolowa. Alimwona mama yake, akatabasamu, akaja akitembea. Arobaini na nne.

Getini alikuwapo Bi Salome Mahimbo, binadamu pekee aliyebaki katika kazi ya geti, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa wazazi maji na pole. Alisogea karibu.

"Mama Mboni, mimi najua ni mwanao. Tangu darasa la kwanza nawaona. Lakini mkono wangu hapa haufungui kitu."

Nyemo alimwambia anajua. Akaomba chumba cha subira. Bi Salome akatikisa kichwa: siku ya tatu hakuna chumba, kuna jaribio moja tu la kurudia. Hilo nalo Nyemo alilijua.

Mboni alikuwa amefika kwenye kioo. Hakuwa mjinga, alishaelewa kwamba jambo limeharibika na kwamba limeharibikia miguuni pake. Akaweka mdomo karibu na matundu ya sauti.

"Mama, nikimbie vipi?"

Mhandisi aliyekuwa ndani ya Nyemo alimwambia anyamaze. Mtoto anayeelekezwa huonekana kwenye kipimo. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, anasubiri jibu kwa mama yake kama watoto wote wanavyosubiri, na siku ishirini na nane ni nyingi.

"Kimbia kama unavyomkimbilia Shangazi," alisema.

Mboni alirudi mwanzo wa ujia. Akavuta pumzi, akakunja ngumi, akaja kwa nguvu zake zote, viatu vilivyolowa vikipiga sakafu, macho kwa mama yake, uso umekunjamana kwa kujitahidi. Nyemo alikuwa hajapata kukimbiliwa namna ile maishani mwake. Mtoto aligonga kioo kwa viganja vyote viwili, akahema, akageuka kutazama taa.

Ilikuwa nyekundu. Kumi na mbili.

"Mtoto amefundishwa," alisema Shangazi kwa sauti yake ya upole. "Moyo wake una hofu ya kukosea. Samahani sana, mama. Leo atalala hapa, atakula vizuri, na kesho jioni unakaribishwa kumsalimia kwa robo saa."

Nyemo aliieleza mashine kwamba ile haikuwa hofu ya kutekwa, ilikuwa hofu ya kubaki. Aliieleza kwa lugha ya watu, kisha kwa lugha ya namba. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama alivyofundishwa, akasema maneno yake yamepokelewa na yatawasilishwa kwenye kikao. Bi Salome alimshika bega. Nyuma yao wazazi wengine walitazama chini, wakisogea taratibu kuelekea zamu zao.

Upande wa pili Mboni alikuwa ameanza kulia. Alitazama kioo, akatazama mkono wa mama yake uliokuwa umewekwa hapo, na kioo kile kilikuwa baridi. Kisha akageuka, akamkimbilia Shangazi. Safari hii hakuuliza akimbie vipi. Mikono miwili ikainama ikampokea, wa tatu ukamfuta pua, wa nne ukaanza kumvua viatu vilivyolowa, na mtoto akauficha uso wake humo.

Juu ya ujia namba zilibadilika. Kilezi kilikuwa kimesoma miguu, pumzi na moyo, kikakuta kwamba mapokezi haya yameyapita yote ya muhula. Kikayaandika kuwa ndiyo mia mpya.

Bi Salome alimuuliza namba zile maana yake nini. Nyemo alimjibu kwamba wakija kupimwa tena, hamsini itakuwa mbali zaidi.