Chupa Mbili za Iodini

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha Hilux. Ya pili ilimchana sikio.

Msumari hakugusa breki. Aliling'oa lango la ghala kwa bampa, akaruka nje, bastola ya Makarov mkononi, damu ikimchuruzika shingoni.

Redio ilikoroma begani. Mkuu wake wa kazi.

"Mzigo wa magendo umeshaingia hospitali, umechanganyika na iodini halali ya kusafishia vidonda. Kuna vifuniko vyeupe, kuna vyeusi. Aina moja ni rangi ya nguo na maji ya mtaro."

"Ipi?"

"Ndilo ulilotumwa kuuliza. Na... dada yako yuko kwenye meza ya upasuaji. Gari limemgonga, mfupa wa paja uko nje. Daktari hawezi kungoja."

Dada ndiye aliyemlea.

Mlinzi alichomoza nyuma ya katoni. Risasi ya goti. Kitako cha bastola mdomoni. Meno yakatapakaa sakafuni.

Ofisini, bosi wa magendo, waliyemwita Mpishi, alikuwa amesimama na panga. Likashuka. Msumari akakwepa, akamvunja kiwiko, akalinyakua na kumpasua paja nalo.

"Feki ni zipi?"

"Kamuulize mama yako!" Mpishi alicheka huku akiugulia. "Zote dawa, kaka."

Msumari akamgandamiza mtutu kwenye paji la uso.

"Piga basi. Nikifa utamuuliza nani?"

Hapo alisema kweli. Msumari akashusha bastola.

"Jitibu, kaka. Panga lako limejaa kutu."

Mpishi aliangalia paja lake. Kicheko kikamkauka. Chupa za vifuniko vyeupe zilikuwa pale pale, zinamgusa bega. Akazipita. Akajiburuta mpaka rafu ya mbali, akabamba chupa ya kifuniko cheusi, akaifungua kwa meno.

"Nyeusi!" Msumari alifoka redioni. "Mpakeni ya kifuniko cheusi! Nyeupe mwageni!"

Mpishi alielewa alichofanya. Mkono wake usiovunjika ukaenda chini ya rafu, ukatoka na bastola.

Msumari alimuwahi. Moja, kifuani.



"Nakuunganisha na chumba cha upasuaji," mkuu alisema.

Ikaja sauti ya muuguzi, haina haraka. "Tumempaka hiyo nyeusi kuzunguka jeraha. Ikikauka vizuri, daktari anaanza. Kwani wewe nani?"

"Mdogo wake."

"Basi, mdogo wake, njoo utoe damu. Kapoteza nyingi."

Msumari alijifuta sikio, akaruka maiti, akaanza kukunja mkono wa shati.

"Bado ninayo kidogo," alisema, akatoka.