Njoo Uchukue Kitanda Chako

Treni ya Dar ikiingia Tabora, stesheni haina mpole. Wachukuzi wanagombania mizigo, abiria wanaitana kwa sauti za kukauka na safari, na ukizubaa kidogo unakuta begi lako linapelekwa Kigoma. Shamila hakuwa mtu wa kuzubaa. Lakini asubuhi hiyo aligeuka mara moja tu kumlipa mchukuzi, na aliporudisha macho akaiona friji ya mteja wake inaondoka juu ya mkokoteni wa watu, imefungwa kamba pamoja na betri za sola. Mbele ya mkokoteni alitembea kijana mrefu wa shati la drafti, akipiga mluzi.

"Wewe kaka! Friji yangu inakwenda wapi?"

Kijana akasimama. Akaitazama friji, akamtazama Shamila: dera la zambarau, mtandio wa kijani uliokuwa unaponyoka kichwani, jasho puani, hasira mpaka kwenye kope.

"Ni yako? Nami najiuliza nani kanikumbuka kwa zawadi."

"Zawadi ya kazi gani? Ishushe!"

"Itashuka. Lakini dada, hata salamu? Habari za asubuhi?"

"Nitakwambia ikishafika chini."

Alicheka, akavua kofia, akaishusha friji yeye mwenyewe. Jina lake Nurdini, fundi wa sola, kwao Nzega. Alipouliza friji ni ya nani, Shamila akamweleza kazi yake kwa maneno ya haraka, kama alivyowaeleza watu wote: watumishi wakihamishwa kutoka Tabora hawataki kubeba makochi wala makabati, basi yeye huvinadi kwenye kundi lake la WhatsApp. Mwenye dau kubwa anashinda, analipa, anakuja kuchukua ndani ya wiki moja.

"Na asipokuja?"

"Atanijua mimi ni nani."

"Basi niunge kwenye kundi," Nurdini akasema. "Nataka kukujua, ila si kwa njia hiyo."

Shamila alimuunga. Alijiambia ni biashara tu, na njia nzima ya kurudi Kanyenye alijikuta anatabasamu peke yake ndani ya bajaji, mpaka dereva akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Nyumbani kwao kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa hajathubutu kukinadi. Kitanda. Sita kwa sita, mninga mtupu, kichwani kimechongwa maua, kizito cha kutoa watu wanne jasho. Kwa watu wa Kanyenye, bwana harusi hutanguliza kitanda kwa kina bibi harusi, mtaa mzima ukione kinapita, ndipo yeye afuate. Kitanda cha Abbasi, aliyekuwa mchumba wa Shamila, kilifika kwa vigelegele. Abbasi mwenyewe alifika Mwanza, akaoa huko. Vitu vingine wazee wake walivichukua kimyakimya, ila kitanda walikikataa kwa aibu, wakasema kilichokwisha kupokelewa hakirudishwi. Kikabaki chumba cha mbele. Kila mgeni akikiona anauliza harusi lini, na kila siku Shamila anakipita kwa ubavu akienda kazini. Chumba kile alikitaka kiwe ghala la mnada wake. Zaidi ya ghala, alitaka siku moja aamke asikione.

Wiki ileile ya friji na kijana wa stesheni ikampa ujasiri. Akakipiga picha kila upande, pamoja na mkwaruzo wa mguuni, akaandika vipimo, akaandika kwamba kinafunguliwa na kwamba mnunuzi aje na watu wa kubeba. Dau likapanda tangu adhuhuri. Jioni mshindi akawa Nurdini wa Nzega, na malipo yakaingia kabla chai haijapoa.

Mama yake Shamila alitikisa kichwa. "Mwanamume hanunui sita kwa sita alale peke yake."

"Ni mteja, Mama."

"Mbona sasa umenuna?"

Kweli alikuwa amenuna.

Wiki haijaisha, Nurdini akapiga. "Shamila, niongezee muda. Nyumba yangu nusu haina bati. Nikikileta sasa mvua itakilalia kabla yangu."

"Wateja wote mna sababu."

"Mimi nina sababu na nina sauti nzuri."

"Sauti hailipii ghala." Lakini akampa wiki nyingine, na akamwandikia tarehe ili pasiwe na ubishi.

Wiki ile ndiyo iliyowaharibia usingizi. Nurdini alipiga akiwa juu ya paa, upepo ukimchukulia maneno. Alipiga akiwa sokoni, akimuuliza bei ya mchele aliyoijua vizuri kuliko yeye.

"Kitanda changu hakijambo?"

"Kinakusalimia. Kinasema umekitupa."

"Kiambie mwenyewe nakiwaza usiku na mchana. Na anayekitunza pia."

"Nurdini!"

"Naam, mpenzi."

"Nani kakupa ruhusa ya hilo neno?"

"Nimeliweka dau tu. Kama kuna mwenye kubwa zaidi, aseme."

Shamila alikata simu akicheka, halafu akaanza kujiuliza. Kwa nini mtu mwenye kitanda cha ndoa amwite yeye mpenzi? Swali lilikuwa jepesi, angeliuliza mara moja tu. Hakuliuliza. Aliyekwisha kuachwa mbele ya mtaa mzima anakuwa na kiburi cha ajabu: anaona afadhali ateseke na dhana kuliko kuomba ukweli.

Alhamisi, Shamila akiwa Ipuli kukagua makochi ya mwalimu anayehama, akaja mama mmoja wa makamo nyumbani kwao, kajitanda kanga mpya, akasema ametumwa kukiangalia kitanda. Mama yake Shamila alikuwa ndani anaswali. Aliyempokea ni jirani wa ukuta mmoja, mwanamke asiyeacha mlango wa mtu upumzike. Shamila aliporudi akaambiwa tu kwamba mgeni amekitazama, amekisifu, ameondoka.

Tangu siku hiyo Nurdini hakupiga tena simu.

Tarehe ikafika, ikapita. Shamila alimtumia ujumbe wa adabu, kama anavyomtumia mteja yeyote: mzigo wako uko tayari. Kimya. Akamtumia wa pili: kama tatizo ni usafiri, namjua dereva mwaminifu wa kirikuu ya mizigo. Kimya. Akampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Wa tatu aliuandika kwa vidole vilivyokaza: Jumamosi ikifika hujaja wala hujajibu, nakirudisha mnadani na malipo yako nakurudishia.

Hapo jibu likaja. "Kirudishe mnadani. Pesa usirudishe, ifanye zawadi. Nakutakia kila la heri."

Aliusoma amesimama. Akausoma tena ameketi juu ya kitanda chenyewe, ambacho hakuwahi kukikalia hata siku moja. Machozi yakamtoka kwa hasira, kisha kwa uchungu, kisha hasira ikarudi ikaushinda uchungu.

"Kinadi tu, mwanangu," mama yake akamwambia. "Sheria ya mnada wako si inaruhusu? Watu wanakitaka."

"Inaruhusu. Lakini sikubali, Mama. Mwanamume wa kwanza kaniachia kitanda hiki, kakimbia. Wa pili kakilipia, naye kakimbia. Sitaachwa na kitanda kilekile mara mbili! Kama hakitaki, akikatae mbele ya uso wangu."

Jumamosi asubuhi Ngollo, dereva wa kirikuu, alifika na spana. Wakakifungua, wakakifunika turubai, wakakikaza kamba. Jirani akatoka mlangoni. "Harusi imefika, Shamila?"

"Kitanda ndicho kinachosafiri, jirani. Salimia nyumbani."

Alivaa baibui jeusi lililonyooshwa, mtandio mwekundu wa siku kubwa, akajipaka wanja. Mtu akienda kugombana naye anapaswa kupendeza. Ngollo, Msukuma wa maneno machache, alimtazama tu akawasha gari. Wakalipita jiwe la Isikizya, wakaipita Puge, kwenye njia ileile ambayo zamani mizigo ya Unyanyembe ilisafiri vichwani mwa watu, na kwa vyovyote hata wakati huo walikuwapo wanunuzi wasumbufu.

"Na akikataa kukipokea?" Ngollo akauliza wakikaribia Nzega.

"Utashusha. Kimelipiwa, ni chake. Mimi si ghala la moyo wa mtu."

Nyumba ya Nurdini hawakuitafuta sana. Ilikuwa na bati jipya linalong'aa mpaka barabarani. Mwenyewe alikuwa uani, kifua wazi, anachanganya zege. Alipomwona Shamila anashuka, chepe likamponyoka.

"Njoo uchukue kitanda chako," Shamila akasema.

"Shamila... umekuja huku kwa ajili ya..."

"Kwa ajili ya mteja anayelipa akajificha. Vaa shati kwanza, nataka kukugombeza vizuri."

Mlangoni akatokea mama mtu mzima, fimbo mkononi. Huyo ndiye Bi Tatu, mama yake Nurdini. Shamila akashusha sauti hapo hapo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hicho ndicho kitanda?"

"Ndicho, Mama."

"Haya. Gombaneni, msinijali." Akamwita Ngollo kwa mkono, wakaanza kunong'ona kando ya gari.

Nurdini alirudi amevaa shati, vifungo vimekosana na matundu yake. "Kwa nini unanifuata kunitonesha? Nilikuwa nimekubali. Nimekaa pembeni kwa heshima."

"Heshima gani? Kama bibi harusi wako hakitaki kitanda, ungesema!"

"Bibi harusi wangu? Wewe ndiye bibi harusi!"

"Wa nani?"

"Wa aliyekileta! Shangazi Hafsa alikwenda kukiangalia. Jirani yenu akamwambia kitanda hiki kimeletwa na mchumba wa Shamila, kwa vigelegele, na mtaa mzima umekiona. Nikasema basi, binti anaolewa, ananiuzia kitanda cha mwanamume mwingine huku nikimwita mpenzi. Ningekuja kukichukua kwa mikono gani?"

Yote aliyoyasema jirani yalikuwa kweli, ila aliishia katikati. Shamila akamweleza nusu iliyobaki: Abbasi, Mwanza, aibu ya wazee, na chumba anachokipita kwa ubavu mpaka leo. Aliyasema akiwa amesimama wima, bila kufuta machozi.

"Na wewe," akamalizia, "sita kwa sita ya nani?"

"Ya nani! Siku ya stesheni nilipofika nyumbani nilimwambia mama nimempata, ila ananifokea. Akasema nyumba bila kitanda haipokei mke. Kilipotokea mnadani kwako, ningemwachia nani?"

"Ungeniuliza, Nurdini."

"Na wewe ungeniuliza, mpenzi."

Safari hii hakumkemea neno hilo.

"Basi tukirudishe Tabora," Nurdini akasema, macho yamemng'aa. "Nikilete mwenyewe, na vigelegele, kama desturi yenu."

"Hapana. Kitanda hiki hakivuki tena mlango wa kwetu. Nimekisafirisha ili nisikione. Ukitaka kuleta, leta kingine."

"Na hiki tukifanyeje?"

Wakageukia gari. Kirikuu ilikuwa tupu. Kutoka ndani ya nyumba ikasikika spana ikigonga, kisha sauti ya Bi Tatu, imetulia kabisa: "Kimeingia kipande kipande, kimeshafungwa chumbani kwangu, na godoro nimeweka. Miaka yote nalala kitanda cha kamba, mgongo umekwisha. Nyinyi mna nguvu, agizeni chenu."

Shamila alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alihisi kifua chake kimepata nafasi, kama chumba kile cha mbele.

"Nurdini," akasema akipanda, "wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala. Na unanijua sasa. Wiki ya nyongeza sitoi tena."

Alhamisi asubuhi, Shamila akiwa anafagia chumba cha mbele, alisikia vigelegele vinakata kona ya mtaa. Akatoka na fagio mkononi. Mkokoteni ulikuwa umebeba kitanda kipya, mninga bado unanukia randa. Mbele yake alitembea Shangazi Hafsa, na mbele ya Shangazi kijana mrefu wa kanzu nyeupe, akipiga mluzi.

"Tulisema Ijumaa!" Shamila akapiga kelele.

"Wazee ni kesho," Nurdini akajibu. "Mimi leo nimefuatana na kitanda. Kimeshatangulia kimoja bila mtu, hiki nimekileta nikiwa nacho."

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa ameshafika mlangoni.

"Tazama mpaka mwisho, jirani," Shamila akamwambia, akaweka fagio chini, akaenda kuwapokea.