Kinga za Miguu za Yusta

Kila siku baada ya masomo, Yusta alibaki uwanjani na timu ya mpira wa magongo ya shule yao, mtaa wa Soweto, jijini Mbeya. Alikuwa hodari wa kudaka, lakini Mwalimu Liberatus hakumruhusu kukaa golini siku ya mechi.

"Huna kinga za miguu," alimwambia. "Mpira ule ni mgumu kama jiwe."

Jumamosi moja shangazi yake, Blandina, anayeuza mitumba Uyole, alimletea kinga mbili kubwa alizozikuta kwenye belo. Zilikuwa nene, ngumu kama mbao, zenye mikanda mingi. Yusta hakujua ipi ni ya kulia na ipi ya kushoto. Alipozivaa, magoti hayakukunjika. Alipiga hatua moja tu, akaanguka kifudifudi.

"Shangazi, hizi sizielewi kabisa!"

"Hata mimi, mwanangu. Nilidhani ni mito ya kochi."

Yusta aliona aibu kumuuliza mwalimu. Alichukua kisu, akafumua mshono, akatoa sponji yote ya magotini na kuificha chini ya kitanda. Kinga zikalegea. Akafurahi.

Jumatatu, mwenzake Kashindye alipiga shuti. Mpira ukamgonga Yusta gotini, akapiga yowe na kukaa chini. Alichanganyikiwa. Mbona alikuwa na kinga, na bado ameumia?

Mwalimu alizibonyeza, vidole vikazama. "Yusta, humu ndani kulikuwa na nini?"

Yusta angeweza kusema zilinunuliwa hivyo hivyo.

"Nilitoa sponji, mwalimu. Zilikuwa ngumu, sikujua nifanyeje."

Mwalimu hakumgombeza. "Hizi ni za makipa wanaocheza magongo juu ya barafu."

"Juu ya barafu? Si wanateleza?"

"Kuteleza ndio mchezo wenyewe!" Wote wakacheka. "Hizi ni za bei nafuu, na aliyezinunua hakuzivaa sana. Ndiyo maana zilikuwa ngumu. Hulainika kwa kuvaliwa."

Sponji ikarudishwa. Fundi viatu akashona upya na kukata mikanda iliyozidi. Mwalimu akamwonyesha kwamba vifungo vyake hukaa upande wa nje wa mguu. Kila jioni Yusta alizikunja kwa mikono, akazivaa na kupiga magoti akichambua maharage, kisha akazunguka nazo uani huku mama yake akicheka. Polepole zikaanza kukunjika.

Mwisho wa muhula walikwenda Iringa kucheza. Wakiongoza kwa bao moja, mshambuliaji wa Iringa alibaki ana kwa ana na Yusta, akapiga mpira wa chini. Yusta akashuka kwa magoti yote mawili. Mpira ukagonga kinga, ukatoka nje! Muda mfupi baadaye filimbi ya mwisho ikalia.

Mwalimu Liberatus akamshika bega. "Kutojua si kosa, Yusta. Lakini ungenificha ukweli siku ile, leo usingecheza, na huenda goti lingevunjika. Ukikwama, uliza. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza."