Nakala ya Tatu

Feni ya kompyuta ilinyamaza mkewe alipoanza kuzungumza. Alipomaliza, ikaendelea kuzunguka. Mtu mwingine asingeligundua jambo dogo kama hilo, lakini Bwana Toleo alikuwa mtu wa kusikiliza feni.

Jina hilo alipewa na wenzake katika ofisi ya wapima ardhi, kwa sababu ilikuwa vigumu kumsalimia asubuhi bila kuambiwa kwamba programu unayotumia ni toleo la mwaka juzi. Maoni alikuwa nayo tele na aliyagawa bure. Ukitaka mashine iende mbio, ongeza kumbukumbu kwanza, habari ya prosesa itakuja baadaye. Mfumo mpya usiupakie mwezi wa kwanza, waache wenye pupa waungue ulimi. Juu ya yote, weka nakala tatu: moja ndani ya mashine, moja kwenye droo, na moja katika nyumba nyingine kabisa, ili hii ikiungua ile ibaki.

"Akiba haiozi," alikuwa akisema, ameinua vidole vitatu.

Nakala ya tatu ilikaa kwa binti yake wa pekee, upande wa pili wa mji, ndani ya kijikompyuta alichokiweka mwenyewe juu ya meza ya chumba cha kulala. Kila siku saa saba mchana kilijijaza chenyewe kwa njia ya intaneti. Binti alikuwa na mtoto wa wiki tano, wala hakuwa na nguvu za kubishana na baba yake kuhusu meza.

Wiki hiyo Bwana Toleo alikuwa amefunga diski kubwa aliyoipata mnadani, kwenye vitu vya ofisi moja iliyofungwa ghafla. "Vya kale ni dhahabu," alimwambia mkewe, akiifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Ndani yake mlikuwa na folda moja tu, haina jina, haina uzito, na haikubali kufutwa. Mwenye busara zake angeirudisha ilikotoka. Yeye aliiweka kwenye akiba pamoja na picha zote za familia, maana kanuni yake ilikuwa kutotupa kitu kabla hajakijua.

Mkewe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kwa miaka ishirini na minane ndiye aliyewaambia wasafiri treni gani inaingia na ipi imechelewa, na watu wasiomjua kwa sura waligeuka dukani wakimsikia anaulizia sabuni. Jumatatu sauti yake ilianza kukwaruza. Jumanne akawa anaishiwa nayo katikati ya sentensi.

"Ni mafua," alisema.

"Ni vumbi la huko stesheni," alisema mumewe. Siku hiyohiyo aliona folda isiyo na uzito imeanza kuwa nao.

Hakumwambia. Alichomoa kipaza sauti, akakifungia kabatini, kisha akakaa kuitazama folda, ikaongezeka palepale. Matundu ya mashine yalikuwa yakitoa harufu ya udongo mbichi, kama kisima kilichofunuliwa baada ya miaka mingi. Akalaumu gundi ya kupozea prosesa, akabadilisha gundi. Akalaumu kifaa cha umeme, akanunua kipya. Mtu akishajua sana mashine, hata jini humtafutia kipuri.

Jumamosi, jua likiwa la utosi, alikuwa jikoni anakunywa maji, na dirishani alimwona mkewe anaanika nguo, midomo imefumbwa na kibanio kikiwa katikati ya meno, ndipo alipomsikia mkewe huyohuyo akizungumza katika chumba cha kompyuta, kwa sauti safi ya miaka yote, ile inayopanda kidogo kabla ya kutaja jukwaa, na akatembea kuelekea huko akijiambia ni faili limejifungua lenyewe, ni spika, spika ambazo alikumbuka amezichomoa asubuhi na waya wake ulikuwa sakafuni mbele ya miguu yake, huku sauti ikiendelea kwa adabu, bila haraka, ikisema abiria waliobaki ndani ya nyumba hii wajiandae, kwani safari yao haitachelewa.

Aliporudi uani, mkewe alikuwa ameshika koo. Alifungua mdomo kumwita, na hakuna kilichotoka.

Aliandika kwenye karatasi: *Stesheni wamenipa wiki mbili. Baada ya hapo wataweka mtu mwingine.* Halafu akaandika chini yake: *Naogopa.* Bwana Toleo alisoma neno hilo, machozi yakamtoka. Alimpenda mwanamke huyu, na alianza kumpenda kwa kumsikia, akiwa kijana kwenye jukwaa, kabla hajamwona.

Mkata tiketi wa stesheni, rafiki wa mkewe, aliwaletea shangazi yake kesho yake asubuhi. Alikuwa mganga wa majini, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea masafa marefu. Aliomba dirisha lifunguliwe, akaketi mbele ya mashine iliyozimwa.

"Mwenyeji hodi," alisema taratibu.

"Karibu," ikajibu sauti ya mke, kutoka ndani ya chuma. Mke mwenyewe alishika mkono wa mumewe mpaka kucha zikazama.

"Umechukua kisicho chako."

"Nimewekewa."

"Mko wangapi humu?"

Kikapita kicheko kidogo. "Muulize mwenye nyumba. Ndiye anayetugawa."

Mganga akamgeukia Bwana Toleo. "Baba, kitu hiki kiko wapi kwingine? Sema kweli. Nikikitoa hapa nacho kina mlango mwingine, kitakwenda huko huko."

Bwana Toleo alifungua droo, akatoa diski ya akiba. Ilimuuma. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama yake, harusi yake, binti yake akijifunza kutembea. "Hii hapa," alisema. "Ziko mbili."

"Hakuna nyingine?"

Aliwaza ile ya tatu. Aliwaza kwamba haina spika wala kipaza sauti, ni nakala tu, imelala. Na kazi ya nakala ya tatu ni kubaki, zote zikiisha. Ndiyo maana ikawekwa.

"Hakuna," alisema.

Mganga aliipokea diski, akaiweka kando ya mashine. "Haya. Neno lako nimelishika."

Alisoma aliyosoma, kwa sauti ya chini, harufu ya udongo ikazidi mpaka wakaziba pua. Kisha akampa mwenye nyumba nyundo. Bwana Toleo aliichomoa ile ya ndani ya mashine, akazipiga diski zote mbili hadi sahani zake zikawa vipande vya kioo sakafuni. Upepo ukapita dirishani, pazia likavutwa nje, na chumba kikawa chumba tu.

"Nina kiu," alisema mkewe.

Ilikuwa sauti yake, nzima, na Bwana Toleo alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda mwenyewe kumletea maji. Mganga hakukaa kula. Mlangoni alisema, "Niliyemwona nimemtoa. Niliyefichwa simjui."

Saa saba na nusu simu ililia. Alikuwa binti yake, ananong'ona.

"Baba, humu chumbani kwangu kunanuka udongo."

"Fungua dirisha," alisema, macho yakienda kwenye saa ya ukutani. Nyuma ya maneno ya binti yake alimsikia mjukuu wake akilia, kilio kikali cha mtoto mwenye afya. "Mbembeleze mtoto kwanza, mwanangu. Tutaongea."

"Ndicho ninachokwambia, baba. Mtoto nimempakata. Kinywa kiko wazi, analia mpaka amekuwa mwekundu, na hatoi sauti. Kilio kinatoka mezani."

Mkewe aliweka kikombe chini. Alikuwa amesogea karibu na simu, ameyasikia yote, na alipozungumza, sauti yake iliyorudi ilijaa nyumba nzima.

"Ulisema ziko mbili."