Udhaifu wa Wasubiri

Soko la Mwanga lilikuwa limefurika. Wauza mawese walikuwa wakigombana na wasukuma mikokoteni, na Yusta, fundi cherehani, alikuwa na pini mdomoni akimpima mama wa bwana harusi aliyelalamika kwamba gauni linambana. Hapo ndipo kijana mmoja mrefu, vifungo vya shati lake vimepishana tundu moja, alipoinama chini ya turubai.

"Samahani, dada. Mtu mwenye mikono minne, kwapa zake unazishonaje?"

Yusta akatoa pini mdomoni. "Mlete nimpime."

"Hayupo. Bado namtengeneza."

Mama yule alicheka mpaka mshono wa ubavuni ukaachia, na kopo la pini likapinduka. Yusta alimkazia macho, lakini kijana hakukimbia. Alipiga magoti vumbini, akaokota pini moja moja, akazipanga kwenye kisahani, vichwa vyote upande mmoja. Ule upangaji ndio uliomponza Yusta.

Kijana aliitwa Gasper, mwenye steshenari mtaa wa pili. Kila Jumamosi mchana alikuwa akifunga duka, na rafiki zake wakiketi meza ya nyuma kucheza mchezo alioutunga mwenyewe. Yeye husimulia safari, na kila mchezaji hujifanya msafiri mmojawapo. Msafiri akitaka kupigana au kuvuka mto, anarusha dadu, na dadu inaamua. Kazi kubwa ya Gasper ilikuwa kubuni mazimwi na makabila yasiyopata kuwapo duniani: umbo lao, chakula chao, na udhaifu wao. Zimwi lisilo na udhaifu, alisema, halichezeki.

Kumpenda mtu wa namna hiyo kulichosha. Simu ya Gasper iliingia Yusta akiwa katikati ya mshono.

"Malkia wangu, uko bize?"

"Nina magauni ya harusi ya watu hapa."

"Swali moja tu. Kiumbe asiye na masikio, hereni anavaa wapi?"

"Gasper."

"Naam, mpenzi."

"Kata simu."

Alikata, na mchana akaja na chai ya maziwa na mwavuli wa kumkinga na jua, akaushika mpaka mkono ukamtetemeka, huku akieleza habari za mikia. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Baadaye maswali yakabadilika. Akawa anauliza Yusta huumia kwa lipi, hulia kwa nini. Yusta alishukuru moyoni kwamba hatimaye kijana anataka kumjua. Siku moja wakila migebuka ya kuchoma ufukweni Kibirizi, alimwambia jambo ambalo hata Shadia, muuza khanga wa kibanda jirani, hakulijua. Akiwa mdogo alimsindikiza baba yake hapo hapo, baba akapanda boti ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akiahidi kurudi, na hakurudi. Tangu siku hiyo Yusta hawezi kumsindikiza mtu. Ukimwambia kwaheri, magoti yanamlegea. Gasper hakutania. Alimshika mkono, hakuuachia mpaka samaki wakapoa. Siku ile ndipo walipokubaliana kwamba mshenga aende Kidahwe kwa mama yake Yusta.

Jumamosi iliyofuata Yusta alivaa gauni lake jipya la kitenge cha manjano, mabega yamepandishwa kidogo, akakaanga chapati na kuwapelekea wachezaji. Alipofika mlangoni, mmoja wao, Wilfred, alikuwa amesimama na dadu mkononi. Walikuwa wanapambana na kabila jipya liitwalo Wasubiri, watu warefu wenye ngozi ya magamba ya fedha wanaolinda ufukwe, wasioshindwa kwa mkuki wala moto.

"Basi siwapigi," alisema Wilfred. "Napanda mtumbwi, nawapungia mkono. Kwaheri, jamani." Dadu ikaviringika. "Haya, magoti yamelegea. Waone wanavyolia."

Meza nzima ikacheka. Gasper pia alitabasamu, kama mtu aliyesifiwa mtoto wake.

Yusta aliuliza udhaifu ule umetoka wapi.

"Kwako, mpenzi," akasema Gasper, uso unang'aa. "Sijawahi kutunga kabila zuri hivi."

Yusta aliweka chapati mezani, akazifunika vizuri nzi wasitue, akaondoka.

Simu ya Gasper aliipokea baada ya siku kadhaa, tena kwa kuchoshwa na mlio.

"Sikutaja jina lako, Yusta."

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia meza."

"Lakini kila kiumbe lazima awe na..."

"Mimi si kiumbe chako. Kesho nikiumwa, nikifiwa, utawapa wenzako warushie dadu? Mshenga asiende Kidahwe."

Gasper hakupiga tena. Kibanda cha Yusta kikawa kimya, na kimya nacho kikamuudhi. Shadia alikuwa akifagia mbele ya vibanda vyote viwili asubuhi, na Jumamosi moja akasema, "Twende steshenari. Nasikia Gasper ana jambo. Usipopenda utakachoona, nitakurudisha mwenyewe."

Walimkuta Gasper amesimama, karatasi mkononi. Aliwaambia wenzake kwamba Wasubiri amewaondoa, kwa sababu udhaifu ule haukuwa mali yake kuugawa. Leo ameleta zimwi lingine. Limezaliwa Ujiji lakini halijui kuogelea, na utotoni wenzake wakienda ziwani lilijisingizia homa. Linaogopa kukataliwa kuliko kufa, kwa hiyo kila linachokitaka hukificha ndani ya maswali ya kipuuzi, ili likikataliwa liseme lilikuwa linatania.

Wilfred alizungusha dadu vidoleni, kisha akaiweka chini taratibu. "Hili mimi silipigi, kaka."

Yusta akavuta kiti. "Nipe mimi. Zimwi hili linataka nini?"

"Viumbe wa namna hii..."

"Gasper, utaniua kwa presha. Sema wewe."

Gasper akashusha karatasi. "Bado nataka nikuoe. Naogopa utakataa."

Shadia alisukuma dadu karibu na mkono wa Yusta, lakini Yusta hakuigusa. Aliinuka, akazunguka meza, akamvuta Gasper sikio kama mtoto mtundu, akamnong'oneza. Kisha akatoka nje kwenye jua.

"Kasema nini?" Wilfred aliuliza. Wote walimzingira, wakamtania, wakamtishia kutocheza naye tena. Na Gasper, mtu asiyewahi kujizuia kusimulia lolote, alikunja karatasi yake.

"Muulizeni mwenyewe."

Yusta alikuwa bado yuko kizingitini, na alisikia.

Mwanga nzima ilikuja kujua jibu siku mjomba wake Gasper, ndiye mshenga, alipoonekana kwenye barabara ya Kidahwe asubuhi na mapema, amevaa koti lisilomtosha. Lakini hawakulijua kwa mdomo wa Gasper.