Kamba ya Nyuma ya Baiskeli

Kila siku ya gulio mwanangu Alistides alipakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli na kuisukuma kutoka Kanoni hadi sokoni Kayanga. Yeye alishika usukani. Mwanawe Mujuni, mjukuu wangu mwenye miaka kumi na mitatu, alifuata nyuma akivuta kamba iliyofungwa kwenye keria, ili mzigo usikimbie penye mteremko.

Siku moja njia ilikuwa na utelezi. Walipoanza kuteremka, Mujuni aliona baiskeli inakwenda yenyewe, akalegeza kamba apumzishe mikono. Baiskeli ikashika kasi. Alistides aling'ang'ania usukani, akaburutwa, na mzigo wote ukamwangukia mguuni. Jirani yetu Rwezaura aliacha kahawa aliyokuwa akianika, akakimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya Nyakahanga.

Mujuni alituambia kamba ilikatika. Tukamwamini. Lakini tangu hapo alikula kidogo.

Ndizi zilipokomaa tena, Alistides akiwa bado amelazwa, ilibidi Mujuni ashike usukani na mdogo wake Projestus, wa darasa la tatu, ashike kamba. Jioni niliwakuta uani. Mujuni alikuwa ametengeneza kigari cha mgomba na kukiachia kwenye ubao ulioinama. Kikiwa kitupu, Projestus alikizuia kwa kidole. Kilipowekwa jiwe, kilimponyoka kikagonga ukuta.

"Mbona hukukisukuma na kimekwenda kwa nguvu?" akauliza Projestus.

"Dunia inakivuta chini. Kikiwa kizito na kimeshika kasi, kukisimamisha kunataka nguvu nyingi. Kwa hiyo vuta mapema, usingoje kikimbie."

Mtoto akaikagua kamba ya baiskeli. "Kaka, hii haina fundo la kuungia. Ilikatikia wapi?"

Mujuni akaketi chini. "Haikukatika. Niliilegeza mimi."

Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Alimwamkia baba yake, akasema yote huku akilia. Alistides aliutazama mguu wake, ambao daktari alisema hautanyooka tena.

"Nilijua," akasema taratibu. "Niliihisi kamba ikilegea. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Ukweli wako hautauponya mguu huu, mwanangu, ila utamlinda mdogo wako. Kazi inapoonekana kujiendea yenyewe, ndipo hupaswi kuacha kushika."

Kisha akanyoosha mkono, akaomba asaidiwe kuketi. Mujuni akamvuta polepole, asimwachie, mpaka mgongo ukafika ukutani.