Tandiko la Majivu

Mikono miwili ilikuwa juu ya mgongo wa farasi, na mmoja tu ndio ulikuwa wa mkewe.

Fundi alisimama nje ya uzio wa uwanja wa mazoezi, waya wa kupimia umo mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matandiko, na siku hiyo alikuja kupima kwa mara ya pili mgongo wa Majivu, farasi jike wa kijivu. Mkewe alikuwa akifundisha farasi, na pale bandani kila mtu alimwita Mwalimu. Sasa alikuwa amekishika kidole cha mwanamume fulani na kukibonyeza kando ya uti wa mgongo wa yule mnyama.

"Hapa palikuwa na shimo," alisema. "Unasikia nyama sasa?"

"Naisikia," mwanamume alijibu, na kidole hakukitoa.

Aliitwa Mrefu, jina alilobandikwa kwa utani kwa kuwa alikuwa mfupi. Farasi alikuwa wake. Na miaka minane nyuma Mwalimu alikuwa mchumba wake, mpaka Mwalimu alipomrudishia pete.

Fundi hakubisha hodi. Alirudi kwenye gari, akaondoka na waya wake.

Jioni mkewe alipomuuliza kama alifika, alisema alifika mchana, wakati yeye amekwenda kula, akapima na kuondoka. Uongo ulitoka bila hata kukwama.

"Umeona alivyobadilika?" Mwalimu aliuliza, uso umemchangamka.

"Nimeona mengi."

Na kweli Majivu alikuwa amebadilika. Alipoletwa, mgongo ulikuwa umebonyea na uti umetokeza, na nyuma ya mabega kulikuwa na mabonde mawili ambamo ungeweza kulaza ngumi. Mwalimu alikataza kabisa asipandwe na mtu. Kila asubuhi alisimama katikati ya uwanja na kamba ndefu mkononi, akimzungusha upande huu, kisha ule, dakika ishirini na si zaidi, mpaka farasi ajifunze kushusha shingo, kuinua mgongo na kusukuma kwa miguu ya nyuma. Zikafuata nguzo za kulaza chini ili ainue miguu, kisha kumrudisha kinyumenyume hatua kwa hatua. Haya yote aliyasimulia mezani, na Fundi kila alipoyasikia, alimwona Mrefu amesimama katikati ya sentensi.

Akaanza upelelezi. Mbona leo umechelewa? Mbona blauzi mpya, farasi anajali blauzi? Mwalimu alicheka mwanzoni, baadaye akaacha kucheka. Halafu asubuhi moja, mkewe akiwa anaoga, simu iliwaka juu ya meza, naye akasoma ujumbe wa Mrefu:

"Umenifanya niamini tena. Kesho nakuja mapema."

Aliirudisha simu vilevile ilivyokuwa. Siku ile ile akaingia karakana na kumalizia tandiko kwa vipimo vya zamani, vya siku zile Majivu alipokuwa mifupa mitupu. Alijua mgongo umejaa na kupanuka. Alijua tandiko litambana. Lakini kwenda kupima kulimaanisha kuwakuta wale wawili, na hilo moyo wake ulilikataa katakata.

Siku ya kumpanda Majivu kwa mara ya kwanza, watu wa banda walijipanga kwenye uzio. Mwalimu aliweka tandiko, akalisukuma, akapitisha vidole chini yake, akakunja uso.

"Fundi, mbona kama limekaa juu? Halibani hapa begani?"

Mrefu alikuwa kando yake, amekunja viganja tayari kumnyanyua. Fundi alivitazama vile viganja. Angesema ukweli, ingebidi aseme hakupima, na kwa nini hakupima, mbele ya mtu yule.

"Ngozi ni mpya," alisema. "Litalala lenyewe."

Mwalimu hakuuliza tena. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulitilia shaka tandiko lililotoka mikononi mwa mumewe. Alikanyaga viganja vya Mrefu, akapanda. Hatua ya tatu Majivu alitupa kichwa juu, mgongo ukazama, ya nne akaruka na kupiga mateke. Mwalimu alianguka kwa bega, na wote waliosimama kwenye uzio wakausikia mfupa wa mtulinga ukivunjika.

Hospitali walimfunga mkono kwa kitambaa shingoni. Mchana wa siku iliyofuata Fundi alimkuta kitandani nyumbani, macho mekundu. Mrefu alikuwa amepiga simu kusema farasi ni mkorofi, atauzwa wiki ijayo kwa yeyote atakayemchukua.

"Si mkorofi," Mwalimu alisema. "Nilimharakisha. Misuli haikuwa tayari, na mimi nikajifanya najua. Nadhani niiache hii kazi."

Hapo Fundi angeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Alivuta kiti.

"Misuli ilikuwa tayari. Tandiko ndilo lilimbana. Sikupima mara ya pili."

"Uliniambia umepima."

"Nilidanganya. Nilifika, nikawaona wewe na Mrefu mmeshikana mikono juu ya mgongo wake, nikaondoka."

Mwalimu alijiinua kitandani.

"Jana nilipokuuliza kama linabana, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nipande."

"Nilikuacha."

Hakupiga kelele. Alimwomba ampe simu, akampigia dada yake mkubwa aje amchukue. Shemeji alipofika alikusanya nguo za mdogo wake bila kumsalimu Fundi, na kwa mwanamke yule ambaye husalimia hata paka, hilo lilikuwa tusi zito.

Siku tisa nyumba ilikuwa kimya. Kila ujumbe alioutuma Fundi ulijibiwa neno moja: "Usije." Siku ya kumi alfajiri ukaingia wenye maneno zaidi:

"Mrefu nimemweleza kuhusu tandiko, hamuuzi tena. Uvimbe wa Majivu mgongoni umepungua, daktari wa mifugo ameruhusu atembezwe. Mimi siwezi. Uliyemuumiza ni wewe, nenda."

Alikwenda alfajiri ile ile. Mrefu alikuwa ameegemea geti.

"Nilijua siku moja utanifuata," Mrefu alisema. "Nilidhani utakuja na ngumi."

"Kwa lipi?"

Mrefu alitazama chini. Akaeleza polepole kwamba walimu wa farasi wako tele karibu na kwake, ila alimleta Majivu hapa kwa ajili ya Mwalimu. Wiki ya pili alimtamkia kwamba bado anampenda.

"Akanijibu nini unafikiri? Akasema nikirudia, atanifungulia geti hili nitoke na farasi wangu. Tangu hapo tukazungumza mgongo tu."

"Na ule ujumbe? Kwamba amekufanya uamini tena?"

"Madaktari wawili wa mifugo walishaniambia farasi huyu hatapandwa maisha yake yote. Wewe uliusomaje?"

Fundi aliitazama kamba ndefu iliyoning'inia getini. Kwa hiyo macho yake hayakumdanganya juu ya yule mwanamume. Yalimdanganya juu ya mkewe, na huyo ndiye aliyepaswa kumjua. Aliichukua kamba.

Hakujua kuishika. Siku ya kwanza Majivu ndiye aliyemzungusha yeye. Siku ya tatu Mwalimu alikuja na dada yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kutoa amri: mpe nafasi, usimvute kichwa, mwache ashuke mwenyewe, geuza upande. Wiki tano walikutana hivyo, amri kwa upande mmoja na jasho kwa upande mwingine. Asubuhi moja Majivu alishusha shingo mpaka pua ikakaribia mchanga, mgongo ukainuka, mchakamchaka wake ukawa mwepesi. Shemeji alikuwa wa kwanza kupiga makofi, akajifanya anaua mbu.

Mwalimu alisogea hadi kwenye uzio.

"Nilipaswa kukuambia alichonitamkia," alisema. "Niliogopa ungenizuia kufanya kazi."

"Ningekuzuia."

"Najua. Hilo halifuti ulichofanya."

"Halifuti. Wala sikuombi ulifute. Naomba urudi nyumbani, uwe na hasira ukiwa nyumbani."

Mwalimu alimtazama dada yake, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta funguo za gari.

"Nikirudi, ukiona wivu, unasema. Siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako. Hunipekui wala huninunii."

"Nitasema."

Alirudi Jumapili. Jumatatu walikwenda hospitali kufungua kitambaa, na daktari kijana aliugeuza mkono wa Mwalimu huku na huku, akiusifia kupona kwake. Njiani Fundi aliendesha kimya mpaka kona ya pili, kisha akakohoa.

"Leo nimeona wivu."

"Wa nani tena?"

"Yule daktari. Amekushika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika."

Mwalimu alicheka mpaka bega likamuuma, akamwambia aendeshe gari.